Seva Haijakuonea

"Kaka, hii seva mbovu. Kwangu inafanya kazi."

Ujumbe huu umeingia jana usiku, ndiyo kwanza nimevuta sahani ya ugali na migebuka. Ni wa tatu wiki hii, kutoka kwa watu watatu wasiojuana. Wote wanajifunza PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, wote wako hapahapa Kigoma, na wote wamekata hukumu ileile: laptopu haina hatia, mkosaji ni seva, ile kompyuta ya kukodi inayoiweka tovuti mtandaoni. Migebuka ilipoa nikijibu. Leo naandika mara moja, nikiulizwa tena nitume kiungo niendelee kula.

Tovuti kufanya kazi kwako hakuthibitishi kwamba kodi yako (maandishi ya programu) iko sawa. Kunathibitisha kwamba laptopu yako inakudekeza. XAMPP, programu inayoigeuza laptopu kuwa seva ya majaribio, imepangwa hivyo kwa makusudi: ruhusa ziko wazi, makosa yanaandikwa kwenye skrini kwa herufi nene, na wewe ndiye mtumiaji pekee. Seva ya kukodi ni nyumba ya wapangaji. Choo ni cha pamoja, geti lina saa zake, na mwenye nyumba hajui kama jana ulikuwa unaishi kwa mama.

Majina ya mafaili nayapitia haraka kwa sababu hayana mjadala. Windows haijali kama ni Dagaa.JPG au dagaa.jpg. Linux inajali, na seva nyingi ni Linux. Andika yote kwa herufi ndogo, twende.

Ukurasa mweupe nao, ule usio na neno hata moja. Seva imezima display_errors, mpangilio wa kuonyesha makosa kwenye skrini, na imefanya vizuri, maana ujumbe wa kosa unaweza kumwonyesha mgeni njia ya folda zako, hata nenosiri la databesi. Haijanyamaza lakini, inaandika kwenye logi, daftari lake la makosa. Nikiuliza "umesoma logi?" najibiwa "logi ipi?" Ndugu yangu, kwenye hostingi (seva za kukodi) nyingi zinazotumia paneli ya cPanel kuna faili linaitwa error_log limekaa ndani ya folda hiyohiyo unayoifungua kila siku. Umelipita mara mia.

Sasa nifike kwenye lililonikosesha migebuka.

Kijana wa jana, yuko Ujiji, anatengeneza tovuti ya kuagiza dagaa na mawese. Mtumiaji akiingiza nenosiri anatakiwa apelekwe ukurasa wa maagizo. Kwenye laptopu anapelekwa. Kwenye seva anabaki palepale, na logi inasema "headers already sent", yaani heda zimeshatumwa. Akasoma hapo akaishia hapo, kisha akanitumia picha ya skrini iliyokatwa katikati ya sentensi. Nikamwambia nitumie yote. Nusu ya pili ilisema "output started at", yaani kilipoanzia kutoka, ikataja konf.php, mstari wa 32. Yaani PHP imemtajia faili, ikamtajia na mstari! Sijui mtu anataka nini zaidi, apelekwe kwa bodaboda?

"Lakini kaka, konf.php inaishia mstari wa 30."

Inaishia pale jicho lako linapoishia. Chini ya alama ya kufungia PHP, ?>, alikuwa ameacha mistari miwili mitupu. Jibu la seva kwenda kwenye brauza lina sehemu mbili, heda (maelekezo kwa brauza) kwanza, mwili (ukurasa wenyewe) baadaye. Baiti moja ya mwili ikishatoka, heda imefungwa. Kumhamisha mtumiaji kwa header('Location: ...') ni heda. Kuanzisha sesheni, yaani kumkumbuka aliyeingia, kunatuma kuki, nayo ni heda. Na mstari mtupu, kwa PHP, ni mwili. Haijali kwamba hauonekani.

Mbona kwenye laptopu inapita? Kwa sababu php.ini ya XAMPP, faili la mipangilio ya PHP, ina output_buffering ya 4096. Maana yake PHP haimwagi kinachotoka hapo hapo, inakikinga kwenye ndoo mpaka zifike baiti 4096. Ile mistari yako miwili imekaa ndooni inasubiri, heda inapita mbele yake bila kelele. Kwenye seva yake mpangilio huo ulikuwa 0. Hakuna ndoo. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza kwenye mashine zote mbili. Moja ilimfichia, nyingine ikamwambia. Aliyetukanwa ni aliyesema kweli.

Halafu kuna kadoa kanakowapotosha hata wanaojaribu kuchunguza. PHP humeza mstari mpya mmoja unaofuata ?> moja kwa moja. Mmoja tu. Kwa hiyo mtu anajaribu kwa kuacha mstari mmoja, anaona hakuna shida, anatangaza kwamba mistari mitupu haina madhara. Wa pili haumezwi. Nafasi moja tupu nayo haimezwi. Dawa ni kuiacha kabisa ?> mwishoni mwa faili lenye PHP tupu. Haihitajiki, na miongozo ya uandishi wa PHP, iitwayo PSR, inaagiza iachwe. Kama logi inakuonyesha mstari wa 1 na huoni kitu, shuku BOM: baiti tatu zinazowekwa mwanzoni mwa faili na Notepad ya zamani ukihifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Toleo la Windows 10 la mwaka 2019 liliacha tabia hiyo, lakini laptopu nyingi zinazozunguka mtaani hapa Mwanga ni za kabla ya hapo.

Wapo watakaokwambia weka ob_start(), amri ya kuwasha ile ndoo, juu ya kila faili na umalize. Inafanya kazi, ndiyo maana inaniudhi. Umeirudisha ndoo, uvujaji uko palepale. Ila niseme ukweli wangu pia. Ninayo tovuti moja ya zamani yenye ob_start() mstari wa kwanza, niliiweka nikiwa na haraka, na leo naogopa kuitoa. Na mimi huyuhuyu niliwahi kumaliza siku mbili nikiilaumu kampuni ya hostingi, nikawaandikia barua pepe yenye maneno ambayo mama yangu asingeyapenda. Ilikuwa nafasi moja. Walinijibu kwa upole mno, na upole ule ndio unaouma mpaka leo.

Kuhusu chmod 777, amri ya kubadili ruhusa za faili. Picha zikikataa kupakiwa, kuna mtu atakushauri "piga 777". Nne ni kusoma, mbili kuandika, moja kutekeleza. Saba ni vyote, na tarakimu ya tatu ni kila mtu. Umempa kila mpangaji ufunguo wa chumba chako. Na kwenye baadhi ya seva za pamoja, PHP inayoendeshwa kwa jina la akaunti yako inakataa kabisa faili lililo wazi namna hiyo, inakurudishia kosa la 500, la ndani ya seva. Umeongeza ugonjwa. Folda 755, mafaili 644. Na mara nyingi ruhusa hata haikuwa shida: PHP yenyewe, isipobadilishwa, inapokea faili la megabaiti 2 na fomu nzima ya megabaiti 8, wakati picha moja ya simu inaweza kuzidi hizo 2. Ukivuka ile 8, $_POST na $_FILES, zinazobeba maneno na mafaili ya fomu, zote zinafika tupu, kana kwamba hakuna aliyebonyeza kitufe. Hili nakubali ni uonevu kidogo.

Saa nayo. Seva nyingi ziko kwenye UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele. Kijana huyu aliliona, akaongeza sekunde 10800 kwa mkono. Siku nyingine akasoma mahali kuhusu date_default_timezone_set, amri ya kuchagua saa ya eneo, akaweka Africa/Dar_es_Salaam, akasahau zile 10800. Mama mmoja wa Kibirizi akaagizwa mzigo wa saa mbili asubuhi, 08:00. Mfumo ukamwandikia 11:00. Mama akasoma kumi na moja, na kwa Mswahili kumi na moja ni jioni. Dagaa walifika jua linazama, mteja keshaondoka.

Vitabu vinasema hifadhi kila kitu kwa UTC, geuza wakati wa kuonyesha tu. Kwa miaka mingi sikufuata. Wateja wangu wote wako Tanzania, saa zetu hazibadiliki kwa majira, nikaona ni kujisumbua. Naweka saa ya nyumbani kwenye PHP, naiambia MySQL, databesi yangu, '+03:00', maana NOW() yake ina saa yake na haisikilizi ya PHP. Ila hapa si Dodoma. Mteja wa Bujumbura au Kalemie yuko saa moja nyuma yetu, na mizigo inavuka ziwa. Siku hizi nasitasita. Tovuti mpya naanza na UTC, za zamani nimeziacha zilivyo.

Kuna siku seva kweli inakuwa na makosa? Ipo. Niliipata mwaka jana na nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Watu wanaingia kwenye mfumo wa mteja wangu, wanatolewa palepale. Kodi haijaguswa miezi. Nikachunguza: diski imejaa, faili za sesheni haziwezi kuandikwa. Nikampigia mteja kwa sauti ya mshindi, nikamwambia safari hii si mimi, ni nafasi ya seva. Kisha nikaenda kutazama kilichoijaza. Katika gigabaiti 5 tulizolipia, error_log ilikuwa imekula 4. Nikaifungua. Ilikuwa onyo moja lilelile, maelfu kwa maelfu ya mistari, kutoka faili nililoandika mimi, mstari wa 17.