Mzee wa Pembeni: Jinsi ya Kumtazama Orlando Martins

Katika darasa la jioni ninalofundisha historia ya filamu hapa Nairobi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono picha ikiwa haijafika nusu, akauliza: "Mwalimu, huyu mzee si ndiye yule mganga wa wiki jana?" Ndiye. Tulikuwa tukitazama Where No Vultures Fly ya mwaka 1951, iliyopigwa hapa Kenya na kutokana na kazi ya Mervyn Cowie, mwanzilishi wa mbuga zetu za taifa, na mtu aliyemtambua ni Orlando Martins, Mnigeria ambaye jina lake huandikwa chini sana katika orodha ya waigizaji na ambaye, kwa maoni yangu, anastahili kutazamwa kuliko baadhi ya wale walioandikwa juu yake.

Martins alizaliwa Lagos mwaka 1899. Alifika Uingereza kijana, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akafanya kazi melini, akapigana mieleka ya kulipwa, akachezesha nyoka katika sarakasi, na akasimama nyuma ya wacheza baleti akiwa mtu wa kujaza jukwaa tu. Wasifu wa namna hiyo husimuliwa kama kichekesho, lakini mimi nauchukulia kuwa ndio shule yake, kwa sababu mpiga mieleka hujua uzito wa mwili wake, na anayeshika nyoka mbele ya watu hujifunza kutulia huku macho yote yakiwa juu yake. Utulivu huo ndio alama yake katika kila picha.

Mwaka 1935 alionekana katika Sanders of the River, filamu ya kuusifu utawala wa Waingereza ambayo nyota wake, Paul Robeson, baadaye aliikana. Mkenya akiitazama leo huwa anamtafuta mtu mwingine kabisa: Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa akiishi London na alishiriki kama mmoja wa watu wa kujaza umati.

Sehemu inayonishughulisha zaidi ni ile ya Magole, yule mganga wa wiki jana, katika Men of Two Worlds, filamu ya Thorold Dickinson ya mwaka 1946 inayosimulia habari za Tanganyika. Kisenga, mpiga piano aliyeishi Uingereza kwa miaka mingi, anarudi kijijini kuwashawishi watu wake wahame kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na Magole ndiye anayempinga. Kiingereza cha kikoloni kilikuwa na jina moja tu la kumwita mtu kama Magole, jina linalowachanganya mganga na mchawi, watu wawili ambao Mswahili yeyote anajua kuwa ni maadui. Mswada unamtaka awe mchawi. Martins, kwa sauti yake nzito isiyokuwa na haraka, anamcheza kama mganga, yaani mtu mwenye dhamana kwa watu wake na anayeogopa kuipoteza, hivi kwamba mtazamaji hujikuta akimsikiliza hata pale hadithi inapomtaka amchukie.

Miaka mitatu baadaye, katika The Hasty Heart, alinyang'anywa hata sauti hiyo. Humo yeye ni Blossom, askari Mwafrika asiyejua Kiingereza, aliyelazwa katika hospitali ya jeshi huko Burma pamoja na wenzake ambao mmoja wao ni Ronald Reagan, rais wa Marekani wa baadaye. Kwa kuwa hana maneno, kazi yote inabaki kwa uso na mikono. Sehemu hiyo alikuwa amekwisha kuicheza jukwaani, na nadhani ndiyo sababu hapapatiki kuomba kuonekana.

Simba, ya mwaka 1955, nitaipitia haraka: ni filamu ya Waingereza kuhusu Mau Mau, naye ni mzee wa kijiji ndani yake, sehemu ndogo katika picha ambayo huwa ngumu kutazamwa katika mji huu. Mister Moses, iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 1965, ilimpa tena cheo cha chifu, safari hii mbele ya Robert Mitchum na katika hadithi yenye mzaha, na ndipo mtu anapoona kwamba chifu huyu hafanani na wale waliomtangulia, kwani ana ujanja wa macho ambao Magole hakuwa nao.

Alikuwa amevuka miaka 70 alipocheza katika filamu iliyounganisha riwaya mbili za Chinua Achebe, ile tunayoijua kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo na ile inayoifuata. Elizabeth, binti mfalme wa Toro nchini Uganda, alikuwa miongoni mwa waigizaji wenzake. Martins alipewa nafasi ya Obierika, rafiki wa Okonkwo anayefikiri kabla ya kutenda, na baada ya miaka mingi ya kuwa chifu katika hadithi za wageni, hapo alikuwa jirani ya mtu, mwenye rafiki wa kumwonya.