Kwa nini flashi yenye mafaili yote ya Windows hugoma kuwasha kompyuta?

Je, wajua kwamba unaweza kunakili kila faili la CD ya Windows kwenye flashi, lisibaki hata moja, na bado kompyuta ya zamani ikagoma kuwaka nayo? Mimi sikujua. Nilijifunza kwa gharama ya flashi tatu na siku mbili za kumkwamisha binamu yangu, mwenye steshenari Nkuhungu, hapa Dodoma.

Ilikuwa mwishoni mwa 2019. Huduma ya Windows 7 ilikuwa inafikia ukomo Januari 14, 2020, na laptopu yake, ile inayochapa CV na barua za kuomba kazi za mtaa mzima, ilitakiwa ipande kwenda Windows 10. Sehemu ya DVD ilishakufa: ukiweka diski inazunguka, inakoroma, kisha kimya. Fundi mmoja alisema ni vumbi kwenye lenzi, na kwa vumbi la Dodoma la mwezi wa nane sikuona sababu ya kubishana naye. Nikashusha faili la ISO, yaani diski nzima ya Windows iliyofungwa ndani ya faili moja, kwa bando la usiku, nikalitupia kwenye flashi, nikawasha mashine. Ikaandika kwa Kiingereza: ondoa diski, bonyeza kitufe chochote uanze upya.

Flashi mbovu, nikasema. Nikanunua nyingine. Safari hii nikaifungua ISO na kumwaga mafaili yote nje, folda kwa folda. Maneno yaleyale. Ya tatu nikanunua ya bei, ya chuma. Maneno yaleyale.

Kosa langu halikuwa kwenye flashi wala kwenye mafaili. Lilikuwa kwenye picha niliyokuwa nayo kichwani kuhusu BIOS, ile programu ndogo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwashia. Niliiona kama Windows ndogo: inafungua flashi, inachungulia folda, inaona faili la kuanzia, inaliendesha. Na picha hiyo ina mantiki, ndiyo maana watu wengi tunayo. Ukweli ni kwamba BIOS ya zamani haijui faili ni nini. Folda haijui. Jina haijui. Ungeandika WINDOWS kwa herufi kubwa kiasi gani, ni kumwandikia kibao asiyejua kusoma.

Mchukue mgeni anayeshuka Stendi Kuu ya Nanenane usiku. Hajui kusoma, hana simu, na kabla ya kupanda basi ameambiwa sentensi moja tu: nenda nyumba ya kwanza ya mtaa, piga hodi, atakayefungua akikupa neno la siri, mfuate na usiulize. Mgeni huyo ndiye BIOS. Nyumba ya kwanza ni baiti 512 za mwanzo kabisa za diski au flashi. Neno la siri ni baiti mbili za mwisho katika hizo 512, ambazo kwa hesabu ya msingi wa 16 ni 55 na AA. Baiti 64 zinazotangulia neno la siri ni ramani ya mtaa, inayoonyesha diski imegawanywa vipande vingapi, visivyozidi vinne. Zinabaki 446, na hizo ndizo maelekezo yote aliyonayo mwenyeji. Baiti 446 ni nafasi ndogo kuliko aya hii unayoisoma, na ndani yake lazima mwenyeji aeleze njia ya kufika nyumba ya pili, ambako kuna mtu anayejua kusoma vibao na anayeweza kulitafuta faili lenyewe la Windows.

Sasa rudi kwenye flashi zangu. Flashi ya dukani mara nyingi huja na mwenyeji wake. Anafungua mlango, neno la siri analitoa vizuri, lakini kikaratasi chake kina ujumbe mmoja tu: hapa hakuna malazi, ondoa diski hii. Yale maneno ya Kiingereza niliyoyasoma hayakuwa ya laptopu. Yalikuwa yameandikwa ndani ya flashi. Siku mbili nagombana na mashine, kumbe anayenijibu ni flashi yenyewe!

Na lile faili la ISO nililolitupia mara ya kwanza? ISO ni nakala ya diski nzima tangu baiti ya kwanza, mwenyeji wake akiwemo. Ukiiweka kama faili, umepeleka mchoro wa nyumba kwenye kiwanja chako cha Nzuguni, ukaulaza chini, ukasubiri kuhamia. Programu kama Rufus zinachukua mchoro na kujenga: zinamwondoa mwenyeji wa dukani, zinaweka mwingine mwenye maelekezo sahihi, ndipo zinamwaga mafaili.

Hapa kuna wasomaji watakaosema, mbona mimi nakopi tu na inawaka? Inawezekana. Kwenye ile ramani ya mtaa kila kipande cha diski kina baiti moja inayosema kama kinafaa kuwashia. Ukiwa na bahati ya flashi ambayo baiti hiyo imewekwa, na mwenyeji wake aliandikwa na Windows ya karibuni inayojua kulitafuta faili liitwalo BOOTMGR, kukopi peke yake kunatosha. Flashi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa baiti hiyo moja. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kubishana mchana kutwa na wote wakawa wanasema walichokiona.

Halafu ipo sababu kubwa zaidi. Mashine za UEFI, mrithi wa BIOS, zilizoenea tangu enzi za Windows 8 mwaka 2012, zina mgeni aliyesoma. UEFI inafungua kipande chenye mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT, inaingia folda ya EFI, kisha BOOT, inatafuta BOOTX64.EFI. Kwa maneno mengine, dhana yangu potofu ya 2019 ni sahihi kabisa kwenye mashine hizo. Nilichokosea ni umri wa laptopu. Kikwazo kinachobaki ni kwamba FAT32, aina mojawapo ya FAT, haibebi faili linalofika gigabaiti nne, na ndani ya ISO nyingi za sasa za Windows limo moja linalovuka hapo.

CD nayo haikuzaliwa ikijua kuwasha kompyuta. Utaratibu wake ulitoka 1995 na unaitwa El Torito, jina la mgahawa wa vyakula vya Kimexico huko California. Husimuliwa kwamba wahandisi waliuwaza wakiwa mezani humo. Kwa utaratibu huo mgeni hapigi hodi nyumba ya kwanza. Anakwenda moja kwa moja kwenye sekta namba 17, kila sekta ikiwa na baiti 2,048. Sekta 16 za mwanzo, yaani baiti 32,768, kanuni ya CD imeziacha wazi. Watengenezaji wa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, waliiona nafasi hiyo, wakamweka humo mwenyeji wa kawaida wa baiti 512. Matokeo yake ISO moja ina milango miwili: ukiichoma kwenye CD inapokelewa sekta ya 17, ukiimimina kwenye flashi baiti kwa baiti inapokelewa nyumba ya kwanza. Nakiri nimewahi kumsimulia jambo hili mtu aliyekuwa anasubiri fotokopi yake tu.

ISO za Windows hazina mlango huo wa pili, kwa hiyo kuimimina hakusaidii. Ndiyo kazi ya Rufus.

Jioni ya siku ya pili, Rufus ikiwa imeshamaliza kuandaa flashi ya chuma, nilimwomba binamu laptopu ili niiwashe nayo. Akaniambia nisubiri, anamalizia kuchapa barua ya mteja. Nikasimama nyuma yake nikimtazama akichapa. Windows 7 ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, haina tatizo lolote. Na mtu anayepandisha Windows inayowaka hahitaji CD, wala BIOS iiguse flashi. Anafungua folda yenye mafaili akiwa ndani ya Windows yake, anabofya setup, anachagua kubaki na vitu vyake. Mradi tu asitoke Windows ya biti 32 kwenda ya biti 64, maana hapo njia hiyo haipiti, na awe amehifadhi kazi zake pembeni kwanza. Yeye alikuwa na 32, na mimi nilishusha 32.

Mteja alipoondoka na barua yake, nikachomeka flashi ya pili, ile niliyoimwagia mafaili, nikabofya setup.