Krediti Zimepokelewa, Lakini Je, Zimehesabiwa?

Kijana mmoja aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na ambaye sasa anaishi Houston aliingia ofisini kwangu akiwa na karatasi mbili, akazitandaza mezani moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa transkripti, yaani rekodi ya masomo na alama, ya chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, alichosoma kwa miaka mitatu huku akifanya kazi ya usiku ghalani, na pembeni alikuwa amejumlisha mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, akapata krediti 65, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Ya pili ilikuwa tathmini kutoka chuo kikuu cha umma kilichomkubali kusomea uhasibu. “Mwalimu,” aliniuliza, “hapa juu wanasema wamepokea 50, huku chini wanaandika 41. Mimi nimesoma 65. Zingine zimekwenda wapi?”

Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo cha jamii hapa Texas, na swali hilo hulisikia kila muhula, mara nyingi likiwa limechelewa. Wengi wetu tumekuja na dhana kwamba somo ukishalifaulu limekuwa lako, na kwamba chuo kinachofuata kitaanzia pale ulipoishia. Kwa hakika, kupokelewa kwa krediti na kuhesabiwa kwake katika shahada ni mambo mawili, tena yanaamuliwa na watu tofauti. Ofisi ya udahili au ya msajili hutazama kama chuo ulikotoka kina ithibati, kama somo ni la ngazi ya chuo, na kama alama inatosha, ambayo kwa kawaida ni C kwenda juu. Masharti hayo yakitimia, somo huandikwa kwenye rekodi yako kuwa limepokelewa. Baada ya hapo fani uliyoichagua hutazama mpango wake wa shahada na kuuliza kama somo hilo lina nafasi humo. Lisipokuwa na nafasi, litabaki kwenye rekodi bila kukupunguzia hata wiki moja ya masomo.

Shahada ya kwanza huku kwa kawaida ina krediti 120, na shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii, ile inayoitwa asosieti, ina krediti 60. Katika jimbo la Texas, vyuo vyote vya umma vina masomo ya msingi ya krediti 42, yaliyogawanywa kwa namna moja: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi 6, lugha, falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali 6, sayansi ya jamii 3, na 6 za nyongeza ambazo kila chuo hujipangia. Mwanafunzi akikamilisha 42 hizo mahali pamoja, chuo kikuu chochote cha umma cha jimbo hili kinalazimika kuzichukua kwa mkupuo, wala hakiwezi kumdai somo jingine la msingi. Akihama kabla ya kukamilisha, masomo yake hupitiwa moja moja, na hapo ndipo hasara nyingi hutokea.

Namba za masomo zenyewe zinasema mengi kwa anayejua kuzisoma. Chukua ENGL 1301: tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka wa masomo, ya pili huonyesha idadi ya krediti, na mbili za mwisho hulitambulisha somo. Namba hiyo ni ya pamoja kwa vyuo vya jamii vya Texas, na vyuo vikuu vyenye namba zao wenyewe huonyesha inalingana na somo lao lipi. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, somo hilo ni la kumwandaa mwanafunzi, kama vile Kiingereza cha wageni au hisabati ya kujikumbusha, na halihesabiwi katika shahada yoyote hata kama ulilipia na ukapata A.

Basi tukachukua kalamu yake nyekundu na kuipitia transkripti mstari kwa mstari. Krediti 6 zilikuwa za Kiingereza zenye sifuri mbele, zikaondoka. Krediti 9 nyingine alizipata katika muhula wake wa kwanza, alipokuwa anataka cheti cha kuandaa ankara za hospitali. Masomo hayo ni ya ufundi wa kazi, yamo katika orodha tofauti na ile ya masomo ya kitaaluma, na vyuo vikuu havilazimiki kuyapokea. Hapo ndipo ilipopatikana ile 50. Kati ya 50 hizo, somo la aljebra, MATH 1314, lilipokelewa vizuri, lakini mpango wa shahada ya biashara ulikuwa umeitenga nafasi ya hisabati kwa MATH 1324, hisabati ya biashara, na kufuatiwa na MATH 1325, kwa hiyo aljebra ikakosa pa kukaa. Alikuwa amesoma kozi mbili za sanaa, ya uchoraji na ya muziki, ilhali nafasi ni moja. Saikolojia nayo ilikuta nafasi ya sayansi ya jamii imeshachukuliwa na uchumi, ambao kwa mtu wa biashara ni lazima. Masomo matatu, krediti 9, na 50 ikawa 41.

Hakuna aliyemdhulumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kila somo lilikuwa halali, kila alama ilikuwa nzuri, isipokuwa yalichaguliwa na mtu ambaye bado hakuwa amejua anakwenda wapi. Nilipoangalia zaidi nikaona kwamba alikuwa amebakiza somo moja tu, la lugha, falsafa na utamaduni, ili akamilishe zile 42. Angelimaliza, chuo kikuu kisingeweza kumwongezea somo lolote la msingi, na kingebaki kumdai yale ya fani pekee.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni jina la asosieti yenyewe. Zile zinazoandikwa AA na AS zimetengenezwa kwa ajili ya kuendelea na chuo kikuu. Ile inayoandikwa AAS imetengenezwa kwa ajili ya kuingia kazini, na sehemu yake kubwa ni masomo ya ufundi ambayo shahada nyingi hazina pa kuyaweka. Uuguzi una njia yake: mtu anaweza kumaliza AAS ya uuguzi, akapata leseni ya muuguzi aliyesajiliwa, kisha akaingia programu maalumu ya kukamilisha shahada ambayo imeandaliwa kwa ajili ya wenye leseni kama yake. Kina dada wengi wa Kikenya wa Dallas wamepita humo na wanaijua vizuri kuliko mimi. Tahadhari yangu kwao ni moja tu, kwamba programu nyingi za uuguzi huweka kikomo cha umri wa masomo ya sayansi, kwa hiyo BIOL 2401, somo la anatomia na fiziolojia, ya zamani sana inaweza kukataliwa hata kama alama yake ni A. Kwa wenye AAS za fani nyingine, vyuo vikuu kadhaa vya Texas vina shahada ya sanaa na sayansi tendaji, BAAS, inayopokea krediti za ufundi kwa wingi. Nilimweleza kijana wangu habari hiyo, akasema anataka uhasibu.

Kuna pia mipaka ya jumla. Chuo kikuu cha umma cha Texas hakilazimiki kuhesabu zaidi ya krediti 66 za chuo cha jamii, na shirika la ithibati la majimbo ya kusini linataka angalau asilimia 25 ya krediti za shahada zisomwe katika chuo kinachoitoa, yaani 30 kati ya 120. Wastani wa alama kwa kawaida hauhami, unaanza upya. Ruzuku ya serikali kuu ya Pell nayo ina ukomo wa takriban miaka sita ya masomo ya muda wote, na somo lisilohesabiwa huila sawasawa na somo linalohesabiwa. Wale wanaohamia huku kutoka jimbo la Washington wasishtuke wakiona krediti zao 90 zimekuwa 60, kwa sababu vyuo vingi vya huko hugawa mwaka kwa robo, na krediti moja ya muhula ni sawa na moja na nusu za robo. Wenye vyeti vya vyuo vya Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu waombe tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla husema tu kwamba umesoma, na msajili hawezi kuitumia kukupa krediti.

Ninachowaomba wanafunzi wangu ni kuanza na mpango wa shahada wa chuo kikuu wanachokitaka, tena wa mwaka husika, kabla ya kuchagua somo la tatu au la nne katika chuo cha jamii. Sheria yenyewe hapa inamtaka mwanafunzi awasilishe mpango wa shahada anapofikisha krediti 30, lakini 30 ni nyingi mno kwa anayepapasa gizani. Weka muhtasari wa kila somo, ule mwalimu aliougawa siku ya kwanza, maana ndio ushahidi pekee wa ulichofundishwa. Somo la kitaaluma la miaka miwili ya mwanzo likikataliwa, chuo kinapaswa kukuarifu kwa maandishi. Wewe na vyuo viwili mna siku 45 za kusuluhisha suala hilo, na likishindikana hupelekwa kwa kamishna wa elimu ya juu wa jimbo. Nimeona masomo yakirudishwa kwa njia hiyo. Njia hiyo haifufui masomo yenye sifuri, wala haitengenezi nafasi ambayo fani haina.

Kijana hakuhama muhula ule. Alikuwa na 50 zilizopokelewa na ukomo ni 66, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya masomo matatu zaidi kwa ada ya chuo cha jamii: PHIL 1301 ya falsafa kukamilisha masomo ya msingi, MATH 1324, na ACCT 2302 ya uhasibu. Yote matatu yalikuwa na mahali pake katika mpango wa shahada. Nilimfanya aniwekee kidole kwenye kila mstari. Kisha akachukua kalamu, akaikata ile 65, na chini yake akaandika 50.