Wekundu wa majaruba ya chumvi si bakteria

Maji ya bahari yanayoingizwa kwenye majaruba ya chumvi Bagamoyo huwa na chumvi kama asilimia 3.5. Jua likiyakausha hadi karibu asilimia 25, chumvi huanza kuganda, na maji yanaweza kugeuka waridi au mekundu. Wengi husema hao ni bakteria. Sivyo.

Wanaoyapa rangi hasa ni arkea, vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo tu, pamoja na mwani mdogo sana uitwao Dunaliella. Kosa lilitokana na hadubini: arkea na bakteria wote ni seli moja isiyo na kiini, basi waliwekwa kapu moja. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, Marekani, waliacha umbo wakalinganisha RNA (molekuli ya kinasaba) ya ribosomu, sehemu ya seli inayotengeneza protini, wakaona arkea ni kundi la peke yake. Walianza na vijidudu vinavyotengeneza methani. Wale wa chumvi walifuata muda mfupi baadaye. Mwaka 1990 Woese na wenzake walipendekeza domeni tatu, ngazi iliyo juu ya himaya: bakteria, arkea na yukarioti, yaani viumbe wenye seli zenye kiini.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Ukuta wa arkea hauna peptidoglaikani, kitu kinachojenga ukuta wa seli ya bakteria, kwa hiyo penisilini, inayozuia bakteria kujenga ukuta huo, haina cha kuvuruga. Jina Halobacterium, wanaloitwa baadhi ya arkea wa chumvi, linapotosha kweli, lakini limebaki kwa kuwa kanuni hulinda jina lililotangulia. Nao arkea hao hawawezi kuishi bila chumvi: ukiwatia kwenye maji matamu, seli zao hupasuka.