Baiskeli Iliyofungwa Injini Nyumbani ni Chombo cha Moto: Maelezo kwa Wananchi wa Mkoa wa Tabora

Katika miezi ya karibuni wananchi wengi wamefika ofisini kwetu kuuliza kwa nini baiskeli zao zimezuiliwa. Wao wanasema ni baiskeli, na askari aliyezizuia ameandika kuwa ni chombo cha moto kisichosajiliwa. Kinachobishaniwa ni kimoja: baiskeli yenye fremu ya chuma, mara nyingi Phoenix, iliyofungwa injini ndogo ya petroli katikati ya fremu au mota ya umeme kwenye gurudumu, kwa kazi iliyofanyika uani au kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani. Sisi tunaokagua vyombo vya moto tunaviona vyombo hivi kila wiki, kuanzia Ng'ambo na Isevya hadi barabara ya kwenda Urambo, na tumeona ni bora kueleza jambo hili kwa maandishi kuliko kulieleza upya kwa kila anayefika mlangoni.

Ieleweke kwanza kwamba hatuna ugomvi na ubunifu. Mfugaji wa nyuki anayetoa ndoo za asali porini Sikonge, au mkulima wa tumbaku ambaye shamba lake liko mbali na kijiji, anayo sababu ya msingi ya kutaka kupunguza kukanyaga pedeli. Baadhi ya kazi tulizozikagua zimefanywa kwa ustadi ambao ungempendeza mwalimu yeyote wa ufundi. Lakini hoja ambayo tumeisikia mara nyingi kupita kiasi, kwamba chombo kikiwa na pedeli basi bado ni baiskeli, haina msingi. Kinachotazamwa ni kinachokisukuma chombo, si kilichobaki juu yake. Na mtu anayezima injini anapomwona askari kwa mbali na kuanza kukanyaga pedeli hajabadilisha chochote, kwa sababu injini yake bado ina joto na bado imefungwa kwenye fremu.

Wala si kweli kwamba sheria haikuwafikiria watu hawa. Leseni zetu za udereva zina daraja A3, ambalo ni la baiskeli zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 50. Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Injini za kufunga kwenye baiskeli zinazoingia kutoka China huuzwa kwa namna mbili, ndogo ya takribani sentimita za ujazo 48 na kubwa inayotangazwa kuwa ni ya 80. Hiyo inayoitwa ya 80, ukipima silinda yake, kwa kawaida ina ujazo wa karibu 66. Si 80, lakini pia si chini ya 50, kwa hiyo mwenye nayo ametoka kwenye daraja A3 na anahitaji leseni ya pikipiki. Tunashauri aulize ujazo halisi kabla ya kutoa fedha dukani, kwa kuwa baada ya hapo hatuwezi kumsaidia kuupunguza. Kwa mota za umeme, ambazo hazina ujazo wa silinda, tunaomba mwenye chombo alete maandishi yanayoonyesha wati za mota na volti za betri, na kila kimoja kitaangaliwa kwa hali yake.

Sasa nieleze kinachotutia wasiwasi zaidi, nacho ni breki. Karibu kila kijana anayetuletea chombo chake huanza kutuonyesha injini, kabureta na silensa aliyoitengeneza mwenyewe, na breki huzungumzwa pale tu tunapouliza. Baiskeli ya kawaida iliundwa kwa ajili ya mwendo wa miguu ya binadamu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, tuseme kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, kazi ambayo breki inatakiwa kuifanya ili kusimamisha chombo huongezeka mara nne, si mara mbili, na hapo hatujahesabu uzito wa injini, mafuta na mzigo ulio kwenye karia. Baiskeli nyingi za mkoa huu zina breki zinazovutwa kwa vyuma, ambazo raba zake hubana rimu ya chuma. Rimu hiyo ikilowa maji, raba huteleza, na mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Chombo kinachosimama vizuri mwezi wa Agosti kinaweza kisisimame kabisa mwezi wa Januari mbele ya mtoto anayevuka barabara kwenda shule. Kwa sababu hiyo tunataka kuona breki mbili zinazojitegemea, ya mbele na ya nyuma, kila moja ikiweza kusimamisha chombo peke yake, na ikiwezekana breki ya diski au ya ngoma kwa gurudumu la mbele. Foku ya mbele yenye ufa, au iliyonyooshwa kwa nyundo baada ya ajali ya zamani, hatuikubali wala hatuijadili.

Jambo la pili ni cheni ya injini. Katika vyombo hivi sproketi ya nyuma haifungwi kwenye ekseli bali hubanwa kwenye spoki kwa raba na bolti, na cheni hukazwa kwa kigurudumu kilichobanwa kwenye bomba la fremu. Mtetemo wa injini hulegeza nati. Kibano hicho kikilegea, kigurudumu huzunguka na kuingia ndani ya spoki, na gurudumu la nyuma hukwama papo hapo chombo kikiwa katika mwendo. Fundi mmoja aliyefika kwetu akiwa na bandeji mkononi alituambia kwamba yeye alikuwa akikaza nati hizo kila Jumapili, na kwamba kilichomwangusha kilitokea siku ya Alhamisi. Kibano kinachobanwa kwa msuguano tu hakitoshi. Kipitishwe bolti au kichomelewe kwa mtu anayejua kuchomelea bomba jembamba bila kulitoboa. Karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na walimu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hapa Tabora wanaweza kumwelekeza fundi katika hilo kuliko sisi.

Kuhusu mafuta nitasema kidogo. Injini hizi ni za aina ya 2T, yaani za mipigo miwili, hivyo oili huchanganywa na petroli, na mtengenezaji huandika kipimo. Kwa kipimo cha 25 kwa 1, lita moja ya petroli huchukua mililita 40 za oili ya 2T, na injini mpya huwekewa oili zaidi. Wapo wanaotia petroli tupu kwa kuogopa moshi, au oili ya gari iliyokwisha kutumika. Pistoni hunata ndani ya silinda, na klachi isipobanwa upesi gurudumu la nyuma hukwama, tukarudi kwenye ajali ile ile niliyoieleza hapo juu. Kidumu cha plastiki kilichofungwa kwa kamba juu ya injini hakikubaliki kuwa tangi, na tangi lililowahi kubeba petroli lisichomelewe hata kama linaonekana kavu.

Taratibu za karatasi nitazieleza kwa urefu, kwa sababu ndiko malalamiko mengi yanakotokea. Kukagua chombo ni kazi moja, kukisajili ni kazi nyingine. Sisi tunakagua usalama wake. Usajili hufanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na kupita kwenye ukaguzi wetu hakumaanishi kwamba chombo kimekwisha kusajiliwa wala kwamba lazima kitasajiliwa. Mwombaji anatakiwa kuwa na namba ya utambulisho wa mlipakodi, kitambulisho chake, risiti ya injini na ya baiskeli, na nyaraka za forodha ikiwa aliagiza injini mwenyewe kutoka nje. Namba ya injini na namba ya fremu zisomeke. Namba ya fremu mara nyingi imepigwa chini ya kiti au chini ya ekseli ya pedeli, na fundi anayeisaga ili kupata nafasi ya kufunga injini amemwondolea mteja wake uthibitisho kwamba baiskeli hiyo haikuibwa. Chombo kikishasajiliwa kinahitaji bima, angalau ya mtu wa tatu, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Na anayekusudia kubeba abiria kwa malipo atahitaji pia leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, jambo ambalo kwa vyombo vya namna hii hatulishauri.

Adhabu nazo zieleweke. Katika mwaka wa fedha 2021/22 faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Wengi wamesikia hiyo 10,000 na hawakusikia maneno "kwa kosa". Anayeendesha chombo kisichosajiliwa, bila leseni, bila bima na bila kofia ngumu ana makosa manne, yaani shilingi 40,000. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyo kwenye karatasi ya faini, kwa simu au benki, na kamwe si mkononi mwa askari. Siku saba zikipita bila kulipa huongezeka asilimia 25, na 40,000 inakuwa 50,000. Kosa likiwa limesababisha majeraha, suala huhama kutoka kwenye faini na kwenda mahakamani, na hapo asiye na bima humtibu majeruhi kwa fedha zake mwenyewe.

Anayetaka kuanza kazi hii na afike kwanza na baiskeli tupu, kabla ya kununua injini, tuitazame fremu, foku na rimu. Ukaguzi wa pili ufanyike kazi ikiwa imekamilika lakini kabla ya kupaka rangi. Rangi hufunika mishono ya kuchomelea, na mwenye chombo kilichopakwa rangi tutamwomba aikwangue kwenye kila kiungo ndipo tuanze kukagua.