Je, wajua kwa nini kitunguu kinachipua kabatini bila hata tone la maji?

Nyumba nyingi zina huu utaratibu hata kama hakuna aliyeuandika, mavuno yakiingia vitunguu vinanunuliwa vingi kwa mpigo maana viko tele na bei imeshuka, miezi ikisogea watu wanarudi kwenye kununua vichache vichache, ukiuliza unajibiwa "vya sasa hivi havikai". Ni kweli havikai. Ila sababu niliyoishikilia mimi miaka yote ilikuwa sio.

Mi nilijua ni unyevu. Ushahidi nilikuwa nao, si mvua zikianza tu hewa inakuwa nzito na wiki mbili hazipiti vitunguu vimetoa ndimi za kijani shingoni? Mbegu inataka maji ndio iote, basi na kitunguu kitakuwa kimenusa maji. Nikawa navitoa navianika, navifunga kwenye magazeti, kuna wakati nikaweka na kimfuko cha mchele pembeni kinyonye unyevu (hili la mchele tusiliongelee sana). Vikachipua vilevile, tena kwa furaha.

Kosa lilianzia pale pa kukiona kitunguu kama mbegu. Mbegu imekauka, inasubiri maji. Kitunguu karibu asilimia 89 yake ni maji tayari! Kata kimoja kwa urefu, kuanzia shingoni mpaka kwenye mizizi, ukiangalie vizuri. Yale matabaka ni majani, yaani sehemu za chini za majani zilizonenepa zikajaa chakula, yote yamejishikiza kwenye kile kitako kigumu cha chini, na katikati kabisa kuna kichipukizi cha njano njano kimejikunja kimetulia. Maji kinayo, chakula kinacho, mche uko ndani. Kwa hiyo cha kushangaza sio kwamba kinaota, cha kushangaza ni kwamba hakikuota siku ileile kilipotolewa shambani.

Hakikuota kwa sababu kimezuiwa. Kikiwa kinakomaa, majani yake yanateremsha chini vitu vya kuzuia ukuaji, mojawapo ni homoni inayoitwa asidi absisiki. Chukulia ni tanki lililojazwa mara moja tu, shambani, alafu bomba likakatwa. Tanki lina tundu dogo, linadondosha kidogo kidogo usiku na mchana, na hakuna wa kuja kuongeza. Likiwa limejaa kichipukizi kimelala, likishuka mpaka kiwango fulani kinaamka, na hakiulizi kama kiko ardhini au juu ya kabati lako. Ndio maana mkulima mzoefu anangoja majani yalegee yaanguke yenyewe ndio avune, akiwahi kuyakata yakiwa mabichi anakuwa amefunga bomba kabla tanki halijajaa, na vitunguu hivyo vinawahi kuchipua. Kuna hata dawa ya kuzuia kuchipua, maleiki hidrazidi, ambayo inapigwa majani yakiwa bado ya kijani ili yenyewe yaibebe mpaka chini.

Sasa joto, na hapa ndipo jambo lenyewe linakuwa la ajabu. Ungedhani kadiri kunavyopoa ndivyo kinavyolala zaidi, na ni kweli, kwenye nyuzi 0 mpaka 2 kinaweza kutulia miezi. Lakini kwenye nyuzi 25 mpaka 30 nako kinatulia! Kinapochipua haraka ni pale katikati, nyuzi 10 mpaka 20 hivi. Baridi inapunguza mwendo wa kila kitu, hilo halina utata, ila namna joto linavyokizuia haijanyooka hivyo, na mfano wangu wa tanki unaishia hapo. Tena joto lina gharama yake, kitunguu kinapoteza maji na kusinyaa.

Rudi kwenye mvua zangu sasa. Jiko lililokuwa nyuzi 28 linashuka mpaka 20, na hapo kitunguu kimeshakaa miezi kadhaa tangu kivunwe, tanki limebaki chini. Vitu viwili vinakutana wiki moja, alafu lawama yote inaenda kwa unyevu. Haki yake tuupe, unyevu unaleta ukungu na unaotesha mizizi pale kitakoni, kwa hiyo kuvitandaza penye hewa sio upuuzi. Ila ulimi wa kijani una saa yake nyingine.

Friji la nyumbani linasaidia nusu nusu, baridi ipo lakini unyevu nao upo, na ukivitoa vikakaa mezani vinachipua fasta. Viazi vina habari inayofanana, navyo vinalala alafu vinaamka, ila vikipigwa baridi sana wanga wake unageuka sukari na ukivikaanga vinakuwa vyeusi. Tena kiazi kilichochipua sana au kilichogeuka kijani kina sumu, solanini na wenzake, hicho usikionee huruma, tupa.

Kitunguu hakina shida hiyo. Kinachobadilika ni mapishi, maana kikikaa muda mrefu zile sukari zake ndefu zinakatwakatwa kuwa ndogo, kwa hiyo cha mwisho wa msimu kinaweza kuwahi kuwa kahawia kikaangoni kuliko ulivyozoea, ukigeuka tu kidogo kimeungua. Ukinunua wakati huo bonyeza shingo, kama inabonyea safari imeshaanza ndani, chukua vya siku tatu nne tu. Na ule ulimi wa kijani usiutupe, unaliwa, katakata uurushe juu ya mchuzi mwishoni, maana chakula kilichokuwa kwenye yale matabaka yaliyolegea ndiko kilikohamia.