Kikopo cha "stemu seli" na mkono wa shangazi

Mwaka wa pili sasa mkono wa kulia wa shangazi yangu, hapa Wete, umelala kwa kiharusi. Wiki iliyopita akaletewa kikopo cha vidonge vya "stemu seli". Kwa bei yake unapata mbuzi. Kijana aliyekileta alikuwa na jawabu la kila kitu.

Eti ndani mna seli shina. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, ni kitu hai: huvunwa kwenye uboho wa mifupa au damu ya kitovu, na huhifadhiwa kwenye naitrojeni yenye baridi kali. Unga uliovuka bahari kwa boti ukashinda juani hauna seli hai hata moja. Na ingekuwamo, tumbo lingeisaga kama linavyosaga pweza.

Eti zikidungwa hugeuka ubongo mpya. Zinazopitishwa kwenye mshipa nyingi hunasa mapafuni na kufa baada ya siku chache. Wanachotarajia zaidi watafiti ni kemikali zinazotoa, huenda zikapunguza uharibifu unaofuata kiharusi.

Hapo kijana akanitajia majaribio ya Marekani na Uhindi. Haya, tuzungumze. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatoboa fuvu wagonjwa 18 wakawatia seli. Baadhi wakanyanyua mikono, magazeti yakashangilia. Lakini hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo. Jaribio lililofuata, la watu 163, liliwalinganisha na waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza tu, na lengo lake kuu halikufikiwa. Uhindi, watu 120, matokeo ya 2014: usalama upo, ila nafuu ilikuwa sawa na ya wasiopewa. Utafiti unaendelea. Dawa ya kuuzwa barazani haijapatikana.

"Haina madhara"? Mmarekani mmoja alizunguka China, Argentina na Mexico akidungwa seli mgongoni. Mwaka 2016 madaktari wakaripoti uvimbe uliomea kwenye uti wake wa mgongo, wa seli zisizo zake. Miguu ikapooza.

Dhana moja ni yetu wenyewe: miezi sita ikipita, mkono ndio basi tena. Nafuu ya haraka ni ya miezi ya mwanzo, kweli, ila mazoezi ya kurudiarudia huendelea kuleta kidogo kidogo. Kikopo tumekirudisha, tukanunua mashine ya kupimia presha. Shangazi tukampa miyaa asuke ukili. Juzi ulifika shibiri moja, ukaenda upogo. Akaufumua wote, akaanza tena.